Maboga Sita ya Mbegu

Tottenham,
Jumapili mchana.

Bwana Sugita,

Mbegu zako tumezila. Nimeona niandike hilo kwanza, kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitajaza ukurasa mzima kwa habari za hali ya hewa na kuliahirisha jambo lenyewe, kama nilivyoliahirisha kwa miezi mitano. Yale maboga sita uliyoyatenga kwa ajili ya mbegu, yaliyokuwa kwenye rafu ya dirishani, yalipikwa kwa nazi na kuliwa siku ya msiba wako. Aliyetoa amri ni mimi. Nilikula sahani mbili.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Goti la kulia ni lile lile. Binti yangu yuko zamu hospitalini, na wajukuu wako chumbani na simu zao. Nimewauliza kwa Kiswahili kama wamekula, wamenijibu kwa Kiingereza kwamba wamekula. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari lenye mistari.

Sijawahi kumwandikia mtu aliyekufa. Kwa miaka thelathini na minne niliwafundisha watoto kuandika barua ya kirafiki na barua rasmi, anwani upande wa kulia, kisha tarehe, salamu, kiini na hitimisho. Barua ya namna hii haikuwemo katika silabasi. Nakuandikia kwa sababu huna kaburi. Siku ile tulipotoka mahali pa kuchomea maiti, Mama Ndeshi, yule msimamizi wako wa wachuma majani, alinivuta mkono wa koti akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ndiyo basi? Na maua tutayaweka wapi?" Binti yako Hana amekuweka katika kisanduku cha mbao juu ya kabati la ofisi ya shambani, karibu na mizani. Kila ninapoingia nasema hodi. Zaidi ya hapo sijui la kufanya.

Sijalia, kwa taarifa yako. Wengine walilia. Unajua mtu anavyoukalia mguu wake muda mrefu ukafa ganzi, akawa anauona ni wake na anaugusa ila hausikii. Basi mimi nimekuwa hivyo mwili mzima tangu Oktoba. Nakula, nalala, napanda basi, nashuka kituo kinachostahili. Sisemi haya ili unihurumie. Nayasema kwa sababu yanaeleza kwa sehemu nilichokifanya, ingawa hayakitetei.

Jana Hana aliniuliza jinsi ulivyoanza kilimo katika nchi hii. Kwa nini aliniuliza nitaeleza mahali pake. Nilimsimulia kwa mpangilio, na nataka nipitie tena hapa, ili kama nimekosea unisahihishe, japokuwa kazi ya kusahihisha siku zote ilikuwa yangu.

Ulikuwa kijana wa miaka ishirini na minne ulipoletwa kwetu kujitolea katika mashamba ya mpunga, bondeni upande wa Same. Ulikaa miaka mitatu. Kiswahili ulijifunzia kwenye majaruba, kwa wakulima, ndiyo sababu kilikuwa cha haraka na hakikuheshimu ngeli hata moja. Ulirudi kwenu Japani, ukaoa, na mkeo alipopata kazi London ukamfuata huku bila kazi yoyote. Ukawa unaosha vyombo katika mkahawa wa Wajapani wenzako mjini kati. Mpishi wa pale alilalamika kila wiki kwamba maboga ya kwenu yanaletwa kwa meli na yanafika yamechoka kuliko mabaharia. Ukamwandikia mama yako. Akakutumia mbegu ndani ya bahasha, zimefungwa katika kipande cha gazeti.

Ulizipanda kwenye kipande cha bustani ulichokodi kwa halmashauri, hapa hapa Tottenham, nyuma ya reli. Mwaka wa kwanza baridi iliua miche yote. Mwaka wa pili ulipata boga moja, ukubwa wa ngumi. Ukampelekea mpishi. Alilipika, akalionja, akakwambia ulete mengine. Hukuwa na mengine.

Ilikuchukua miaka tisa kupata boga linaloiva kabla ya baridi ya nchi hii kuingia. Kila mwaka ulichukua mbegu za lililowahi na lililokuwa kavu ndani kama kiazi kitamu cha kuchoma, mengine yote ukayaacha. Katika miaka hiyo ulihamia kando ya mto Lea, ukakodi nyumba ya vioo ya kuoteshea mboga kwa mzee mmoja wa Kitaliano aliyekuwa amechoka na nyanya. Nusu ya vioo ilikuwa imevunjika. Ulivirudishia mwenyewe kila Jumapili, kimoja kimoja, na mkeo amekushikia ngazi, Hana amefungwa mgongoni kwake. Mzee alipostaafu akakuachia na nyumba ya pili.

Hapo ndipo nilipokukuta. Mke wangu alikuwa amefariki na binti yangu alikuwa amenileta huku nije nikae naye, nami nilikaa kweli, katika chumba cha ghorofa ya nne, nikingojea siku zangu. Jumamosi moja nilishuka sokoni, nikaona Mjapani anauza maboga ya kijani, mabua yamekatwa safi. Nikakuuliza kwa Kiingereza changu cha darasani kama majani yake unayatupa. Ukaniangalia kofia, kisha viatu, ukasema kwa Kiswahili, "Mzee unatoka wapi? Yale majani yenye miiba? Mimi nilikula miaka mitatu. Nilidhani ni chakula cha adhabu."

Ndipo nilipofahamu kwamba kwa miaka yote mitatu hakuna aliyewaonyesha nyinyi makapera wa kujitolea namna ya kumenya nyuzi za bua. Mlikuwa mnayachemsha yalivyo. Niliona aibu kwa niaba ya wilaya nzima. Siku ya pili nilikuja shambani kwako na kisu na sufuria ya binti yangu. Nikakuonyesha jinsi unavyolivunja bua karibu na jani, unavuta nyuzi kwenda chini, jani linabaki laini kama kitambaa. Ulikula sahani nzima. Mwisho ukaweka kijiko chini. "Miaka mitatu, Mwalimu. Miaka mitatu nimeteseka bure."

Niliwaambia wanawake watatu wa kanisani kwetu. Kabla ya mwezi kuisha kulikuwa na foleni mlangoni mwako. Mama Ndeshi alikuja siku ya kwanza kugombana juu ya bei, na siku ya tatu ulikuwa umemwajiri. Kuanzia hapo mmea mmoja ukawa unavunwa mara mbili, kwanza majani kwa watu wetu, kisha maboga kwa mikahawa ya Wajapani, na kwa Waarabu wa Edgware Road wanaoyapika na nyama. Mchicha uliouongeza baadaye ulikwenda mpaka Stanmore, kwa wale Wahindi wazaliwa wa Mwanza na Kisumu, waliokusikia unaongea Kiswahili wakashangaa kuliko nilivyoshangaa mimi. Nyumba mbili zikawa nne, nne zikawa saba, na magari mawili yenye jina lako ubavuni. Chama cha wakulima wa mbogamboga kilikupa cheti chenye fremu. Ukakitumia kuziba kioo kilichovunjika katika nyumba namba tatu. Kipo hadi leo. Hana amekataa kitolewe.

Watu walisema umetajirika. Huenda. Koti lilikuwa lile lile.

Mimi ulinipa ufunguo wa nyumba namba mbili. Hukusema kwa nini. Ulisema tu kwamba kufuli lake ni gumu na linahitaji mtu mwenye subira. Nilikuwa na miaka sitini na mitano, mkulima wa bustani ya shule peke yake, na ukanifundisha kazi kuanzia mwanzo kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ulinifundisha kumwagilia chini na si juu ya jani. Ulinifundisha kuchuma jani la tatu kutoka kwenye ncha na kuiacha ncha yenyewe. Na mstari wa mbegu, ule wa dirishani, haukuchumwa jani hata moja. Mtu angeweza kukuomba gari ukampa. Mbegu za lile boga hukumpa mtu yeyote.

Halafu yalikuja mambo mawili katika mwaka mmoja, ugonjwa wako na panya. Ulipolazwa mara ya kwanza, panya waliingia katika sanduku la akiba na kuacha maganda. Zikabaki zile za bahasha ya mezani, za kutosha msimu mmoja. Majira ya kuchipua yaliyopita ulizipanda zote. Ukaniambia, "Mwaka huu hatuna akiba, Mwalimu. Mwaka huu ni mtihani." Nilielewa. Nani angelielewa neno hilo kuliko mimi?

Unakumbuka asubuhi zile za Juni. Jirani yetu hulima yale maboga makubwa ya rangi ya chungwa, ambayo watu wa hapa huyachonga macho na meno mwezi wa Oktoba na kisha kuyatupa, na nyuki hawajui mpaka wa shamba. Ndiyo maana kila ua la mbegu hufungwa mdomo jioni kabla halijafunguka, na alfajiri hufunguliwa kwa mkono, likapakwa chavua ya ua dume lililofungwa vile vile, kisha likafungwa tena. Miaka yote ulifunga wewe kwa uzi mwekundu wa pamba. Mwaka jana mikono yako ilitetemeka. Ukakaa juu ya kreti lililopinduliwa, umejifunika blanketi, na nikafunga mimi.

"Taratibu, Mwalimu. Usilikamate ua kama sikio la mwanafunzi."

Nilikwambia kwamba sikuwahi kumvuta mwanafunzi sikio bila sababu. Ukacheka mpaka ukakohoa. Maboga sita yalishika. Uzi wa kila moja niliuhamishia kwenye kikonyo chake, kama ulivyoniagiza, ili pasiwe na mtu wa kusema hakujua.

Septemba tuliyavuna, tukayapanga kwenye rafu. Mbegu hazitolewi mara moja. Boga huachwa lizilee mbegu zake kwa wiki kadhaa baada ya kukatwa. Mara ya mwisho nilipokuja hospitalini ulikuwa umegeukia ukuta. Ulisema, "Boga langu lisiguswe mpaka Novemba." Kwa miaka kumi na minne ulikuwa unasema "boga yangu," na kwa miaka kumi na minne nilikuwa nakusahihisha. Siku hiyo ulilisema sawasawa. Nililisikia. Sikukupongeza. Nilidhani nitakupongeza Alhamisi, siku yangu ya kuja tena. Ulikufa Jumatano, wiki ya mwisho ya Oktoba.

Sasa naandika lile lenyewe.

Hana alitaka baada ya ibada pawe na chai na vipande vya mkate, kama wanavyofanya hapa. Mimi nikaingilia. Nilimwambia kwamba kwetu mtu aliyekuja msibani haondoki na njaa, na kwamba msiba wa mkulima hulishwa na shamba la mkulima. Nilisema, "Watu watakula cha shamba lake." Nililisema kwa sauti ile ya darasani, ninayoijua mwenyewe. Hana alikuwa hajalala siku tatu. Akasema ni sawa, Mwalimu, fanya unavyoona.

Nikaenda shambani na Mama Ndeshi. Baridi ilikuwa imeshaingia. Mchicha ulikuwa umekwisha, majani yamenyauka, maboga ya kuuza yamekwenda yote. Nilipita nyumba namba moja mpaka saba nikitafuta chakula cha msiba wako. Nikarudi namba mbili, na pale kwenye rafu palikuwa na maboga sita mazuri. Niliyaona kama chakula. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Nilitoa kisu changu, nikazikata zile nyuzi nyekundu mmoja baada ya mwingine kwa sababu haifai kupeleka uzi jikoni, nikazitia katika mfuko wa koti. Mikono iliyozikata ndiyo iliyozifunga.

Mama Ndeshi alikuwa akifungua mlango wa gari. Alinipokea boga la kwanza, akalipima kwa mikono, akasema, "Mwalimu, una hakika na haya?"

Nilimwangalia kama ninavyomwangalia mtu anayeniuliza swali nililokwisha kulijibu. Akayapakia.

Yalipikwa katika ukumbi wa kanisa, kwa tui zito, na wali pembeni. Watu walisifu. Hana alionja, akafunga macho, akasema kwa Kiingereza kwamba hili kweli ni la baba. Nikaona nimefanya jambo la heshima. Nikaongeza sahani ya pili.

Siku ya nne nilikuwa kituoni, natafuta kadi ya basi. Nikatoa nyuzi sita. Nilizitazama kiganjani. Basi likaja, likafungua milango, dereva akanitazama, likaondoka. Nadhani yalipita mabasi matatu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ndeshi. Nilimuuliza mbegu zilikwenda wapi, na nilikuwa bado na tumaini, maana namjua kuwa si mtu wa kutupa. Alisema za maboga manne ziliingia katika pipa la ukumbi, nalo halmashauri ilikuwa imekwisha kulibeba. "Za yale mawili nilizichukua mimi. Ningeziachaje mbegu nzuri vile? Nikaziosha, nikazitia chumvi, nikazikaanga. Si nilikuletea, Mwalimu, kwenye kile kikopo cha bluu? Ulisema ni tamu."

Ni kweli. Nilisema ni tamu.

Nilimweleza mbegu zile zilikuwa nini. Alikaa chini kwenye ngazi za jengo lao, na begi lake mapajani. "Lakini nilikuuliza," alisema. "Mwalimu, mimi nilikuuliza." Hakusema kwa ukali. Nikamjibu kwamba ndiyo, aliniuliza. Kisha nikamwagiza asimwambie mtu, nikaenda zangu. Nitakumbuka pia kwamba nilimwagiza hivyo.

Hana aliacha kazi yake ya bima mwezi wa Desemba ili aendeshe shamba. Nilikuwepo alipotangaza. Aliwaambia wafanyakazi kwamba wenye mikahawa wameuliza kama boga litakuwepo mwaka huu, naye amewajibu kwamba litakuwepo. Akanigeukia mbele ya wote. "Mwalimu, mbegu za baba ziko salama, sivyo?"

Nikasema, "Zinakauka."

Januari aliniuliza tena, nikasema zinakauka. Februari nikasema mbegu za namna hii hazitaki haraka. Niliwahi kumsimamisha mtoto mbele ya shule nzima kwa uongo mdogo kuliko huo. Jina lake nalikumbuka. Siku hizi namfikiria mara nyingi. Kila wiki nilikuja, nikafagia nyumba namba mbili, nikafuta vioo, nikapanga vyungu kwa ukubwa. Hana aliniona nafanya kazi akaniletea chai. Nilikuwa nataka mtu anipige.

Jana, Jumamosi, ilikuwa siku ya kupanda. Nilipofungua lile kufuli nikakuta ameshapanga trei, ameshajaza udongo, ameshatoboa mashimo kwa kidole, moja moja, kina kile kile ulichomfundisha. Alivua glavu, akanyoosha mkono. "Haya, Mwalimu. Leo nipe."

Nikaziweka zile nyuzi sita kiganjani mwake.

Nilisimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyokuwa tukiwataka wanafunzi wasimame, nikamweleza kwa Kiingereza yote niliyokuandikia hapa. Nilimwambia kuhusu amri yangu, kisu na kikopo cha bluu, na miezi mitano ya kuficha na kusema zinakauka. Sikuacha kitu. Sikumtaja Mama Ndeshi kwa lawama, kwa sababu hana lawama.

Hana alizipanga zile nyuzi kwa urefu. Kisha akasema, "Na mimi nilikula." Baadaye kidogo akasema, "Nilizijua zile nyuzi. Tangu mtoto nazijua. Ningekuwa mimi ndiye niliyekwenda kuyachukua, sijui kama ningeziona." Nikamwambia kwamba yeye angeziona. Akasema, "Baba angekasirika sana." Nikamwambia asingesema neno, angechukua ufagio akafagia nyumba zote saba. Hapo alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akajifuta pua kwa mkono wenye udongo.

Ndipo aliponiuliza ulianzaje. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye ile miaka tisa akanisimamisha.

"Miaka tisa alikuwa anafanya nini hasa?"

"Alikuwa anachagua."

"Kutoka katika nini?"

"Kutoka katika chochote kilichoota."

Mlangoni palikuwa na Mama Ndeshi, anakunja makreti yaliyokwisha kukunjwa. Kiingereza anakielewa anapotaka. Akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi, "Mimi ninalo moja."

Septemba, kama kila mwaka, ulimpa kila mchumaji boga moja la kupeleka nyumbani kutoka mistari ya kawaida. Wengine walikula. Yeye lake aliliweka dirishani jikoni, akasema atalipika Jumapili, na katikati ukafa. "Nikishika kisu namwona Bwana Sugita ananiangalia. Nikishika kisu namwona. Nikaliacha." Alikwenda kulileta kwa basi, akarudi amelipakata ndani ya kanga. Ganda lilikuwa limeparara na upande mmoja umebonyea. Lilikuwa jepesi.

Nilimweleza Hana ukweli kabla hatujalikata, maana nimechoka na uongo. Mama wa boga hili ni mmea wako, hilo halina shaka. Baba yake hajulikani. Ua lake halikufungwa uzi. Huenda chavua ilitoka katika mstari wako, huenda nyuki aliileta kwa jirani, kutoka kwa yale ya kuchongwa macho. Yatakayoota yatakuwa ya kila namna. Mengine yatakuwa na maji ndani, mengine yatachelewa mpaka baridi iyaue.

"Nusu ni ya baba," alisema Hana.

"Nusu kwa hakika."

"Basi tunaanzia hapo."

Akalikata yeye. Lilitoa harufu ile, unaijua. Mbegu zilikuwa nzima, nyeupe, nene. Mama Ndeshi alizitenga na nyama. Nyingine, zilizokuwa nyembamba, aliziweka kando, na alipoona namtazama akasema, "Sizikaangi, Mwalimu. Tulia." Tulipanda hamsini na tatu. Hana aliwapigia simu wenye mikahawa pale pale, mbele yetu, akawaambia kwamba mwaka huu boga la Sugita halitakuwepo, na hajui litarudi lini. Hakuwaambia kosa ni la nani. Nilimwomba aseme. Akatikisa kichwa, akapiga namba iliyofuata.

Kwa hiyo hiyo ndiyo hali. Boga lako, ulivyolijua, halipo tena duniani. Kuna trei tatu za udongo katika nyumba namba mbili. Nina miaka sabini na tisa, na hesabu ya sabini na tisa na tisa unaiweza mwenyewe. Nimemwambia Hana kwamba nitamfundisha kufunga maua mwaka huu huu, asingoje. Mama Ndeshi amesema naye afundishwe, na kwamba safari hii akiniuliza swali nitamjibu kwa mdomo, si kwa macho. Nimekubali.

Ganzi haijaondoka. Sitaki kukudanganya kwamba nilipoungama ikatoka. Ila asubuhi hii, nikiosha kikombe, maji yalikuwa ya moto mno nikavuta mkono. Nimeliandika kwa sababu ni jambo lililotokea.

Lala vyema, Bwana Sugita, juu ya kabati lako. Usiku pale kuna joto, Hana huacha hita ndogo. Nitaendelea kupiga hodi, na usiponijibu nitaingia tu. Hana amenirudishia zile nyuzi sita. Nimezifua kwa sabuni, zimekauka kwenye bomba la jikoni. Juni maua yatakapoanza, nitakuwa shambani kabla ya nyuki, na nitalishika ua kwa vidole viwili, taratibu. Na mtu akija kuniuliza kama hili ndilo boga maarufu la Bwana Sugita, sitasema ndiyo. Nitamwambia kwamba la Bwana Sugita tulilila sisi wenyewe, siku ya msiba wake, nalo lilikuwa tamu. Hili ni mtoto wake, na bado tunamlea.

Mimi, aliyekuwa mwalimu wako na kisha mwanafunzi wako,

Zefania Mshana